Unga njia panda, bia njiani: Mchezo wa miguu usiotaka mshindi

MKAZI wa Makongo Juu au Changanyikeni akikuta unga mweupe umemwagwa kiasi cha kiganja kwenye kona ya uchochoro, kisha mwingine hatua mia moja mbele, na penye njia panda akakuta umechorwa duara, ana kila sababu ya kusita. Katika Jiji la Dar es Salaam unga wa njia panda haupiti bila maswali. Wapo watakaowaza uganga, na wapo watakaokwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Mara nyingine jibu huwa jepesi kuliko hofu. Unga wa namna hiyo ni alama za njia, zilizowekwa na watu wawili au watatu waliotangulia, ili wenzao wanaofuata nyuma kwa miguu wajue pa kupita hadi watakapofika penye kivuli, viti vya plastiki na kreti ya bia.

Mchezo huo unafahamika duniani kwa jina la Hash House Harriers, na Dar es Salaam ina klabu yake, kama ilivyo kwa Nairobi, Mombasa na Kampala. Wengi wanaousikia huuhesabu kuwa starehe ya wageni wa Masaki na Oysterbay.

Hesabu hiyo ina ukweli wake, lakini inaficha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kanuni za mchezo zimebuniwa kwa ustadi ambao kikundi chochote cha mazoezi cha Mwenge, Sinza au Temeke kinaweza kuuazima bila kulipa senti. La pili ni kwamba mchezo wenyewe hutegemea kitu ambacho jiji linakipoteza uzio kwa uzio, nacho ni njia ya miguu.

Ulikotoka

Chimbuko lake ni mji wa Kuala Lumpur, Desemba 1938, wakati Malaya ikiwa chini ya Waingereza. Mhasibu mmoja aitwaye Albert Stephen Gispert na wenzake walianzisha mbio za jioni za kufuatana mashambani, wakiwa na nia ya kutoa jasho la ulevi wa mwisho wa juma.

Baadhi yao walikuwa wakiishi au kula katika jengo la Selangor Club Chambers, ambalo chakula chake hakikuwa na sifa, hivyo likapachikwa jina la utani la "Hash House". Neno "harriers" ni jina la mbwa wa Kiingereza wanaowinda sungura. Majina hayo mawili yakaunganishwa, na klabu ikazaliwa.

Gispert hakuyaona matunda ya kazi yake. Aliuawa Singapore Februari 1942, Wajapani walipouteka mji huo. Baada ya vita waliosalia walirudi barabarani, na mwaka 1950 walipotakiwa kujiandikisha kama chama halali, waliyaeleza malengo yao kwa uwazi usio wa kawaida katika nyaraka za serikali: kukuza afya ya wanachama, kuondoa uchovu wa pombe ya wikiendi, kutafuta kiu nzuri na kuituliza kwa bia, na kuwathibitishia wanachama wazee kuwa hawajazeeka kama wanavyojidhania.

Kwa miaka mingi klabu hazikuongezeka sana. Singapore ilipata ya kwake mwaka 1962, na mwaka 1978 klabu za nchi mbalimbali zilikutana Hong Kong kwa mara ya kwanza. Leo zinakadiriwa kufikia 2,000 duniani kote, na hazina makao makuu, rais wala ada ya kimataifa.

Mchezo wenyewe ni mkongwe kuliko klabu. Katika shule za bweni za Uingereza za karne ya 19, wavulana wawili walitangulia wakimwaga vipande vya karatasi, na kundi likawafuata kwa kunusa nyayo hizo. Mwandishi Thomas Hughes aliueleza katika riwaya yake ya mwaka 1857 kuhusu maisha ya shule ya Rugby.

Hadi leo wanaotangulia huitwa sungura na wanaofuata huitwa mbwa. Aliyelelewa kwa hadithi za Kiswahili hatashangaa kusikia kuwa anayekimbizwa, na anayewachezea wanaomkimbiza, ni Sungura.

Jinsi njia inavyotegwa

Hapa ndipo penye akili ya mchezo. Tatizo la kila kundi la mazoezi ni moja: kijana mwenye kasi humaliza mapema akachoka kusubiri, na mama wa miaka 55 huachwa nyuma peke yake, akaona aibu, na wiki inayofuata asionekane. Baada ya miezi miwili kundi hubaki la vijana sita.

Sungura analitatua tatizo hilo kwa uongo. Kwenye njia panda huchora duara la unga, maana yake ni kwamba alama zinakoma hapo na njia inaendelea upande usiojulikana. Walio mbele hulazimika kutawanyika, mmoja kushoto, mwingine kulia, mwingine moja kwa moja, wakitafuta unga mwingine.

Wengine hukuta alama mbili au tatu, wakashangilia, kisha wakakutana na msalaba wa unga unaowaambia kuwa wamedanganywa na warudi walikotoka. Anayeipata njia ya kweli hupaza sauti, "On! On!", au hupuliza tarumbeta ndogo, na kundi zima hugeukia huko. Wakati purukushani hiyo ikiendelea, wale wa mwendo wa pole huwa wamefika kwenye duara, wamepumua, na mara nyingi huwa wa kwanza kuifuata njia sahihi kwa kuwa walikuwa wamesimama tu.

Hesabu yake si ngumu. Mtembeaji wa kawaida huenda kilomita 5 kwa saa, na mkimbiaji wa wastani kilomita 10. Kama njia ya kweli ina urefu wa kilomita 5, sungura anatakiwa kuziteketeza kilomita 5 za ziada za mkimbiaji katika njia za uongo, ili wote wafike mwisho kwa tofauti ya dakika chache. Sungura hodari hupimwa kwa jambo hilo, na wala si kwa uzuri wa mandhari.

Mshindi hatakiwi. Mwishoni kundi husimama kwa duara, na yule aliyejionyesha kuwa amekuja kushindana hushitakiwa hadharani kwa mzaha na kupewa kikombe akimalize kwa mkupuo huku wenzake wakiimba. Aliyekuja na viatu vipya ana hatari ya kunyweshwa kwa kiatu hicho hicho. Asiyekunywa kilevi hupewa soda au maji, na hakuna anayemuuliza sababu. Wanachama wa siku nyingi hupewa majina ya utani, mengine yasiyochapishika, na bosi na karani wake huitana kwa majina hayo jioni nzima.

Kuhusu unga kuna tahadhari zake. Agosti 2007 katika mji wa New Haven, Marekani, watu wawili waliokuwa wakiweka alama kwenye eneo la maegesho la duka la samani walikamatwa baada ya unga wao kudhaniwa kuwa ni sumu ya magaidi. Duka lilifungwa na watu wakaondolewa. Kwa Dar es Salaam hofu ni ya aina nyingine, lakini tiba ni ile ile: kumwarifu mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wa shina mapema, na kueleza kwa watoto wanaotazama kuwa ni mchezo.

Aidha, kumwaga unga wa chakula mbele ya mtu anayepimiwa nusu kilo dukani si jambo la kuchekewa. Kuku nao huula kabla kundi halijapita. Maranda ya maseremala hufanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ndogo, na Mwenge, mahali pa wachongaji wa vinyago, maranda si kitu adimu, ingawa yale ya mpingo ni meusi na hayaonekani kwenye tope. Chokaa haifai, kwa kuwa huunguza macho.

Kilabu na klabu

Lugha ya Kiswahili iliazima neno moja la Kiingereza ikalifanyia mambo mawili. Klabu ni ya mpira, kama Yanga na Simba. Kilabu ni cha pombe, kibanda chenye mabenchi, ndoo na mama muuzaji. Mchezo huu wa unga unazirudisha maana hizo mbili chini ya paa moja.

Mji wa Dar es Salaam una historia ndefu na vilabu vya pombe. Enzi za ukoloni serikali ilitaka Mwafrika anywe mahali pa kuangaliwa, pombe ya kienyeji tu, na manispaa ikapata ushuru wake. Pombe kali haikuruhusiwa kwake kisheria. Bia ya chupa kwa mtu yeyote mwenye fedha ni tunda la miaka ya mwisho ya ukoloni na Uhuru, na huenda ndiyo maana hadi leo chupa hubeba heshima ambayo kata ya mbege haina.

Heshima hiyo inawanyima watembeaji mambo mazuri. Katika pwani hii, tembo la mnazi hugemwa alfajiri likiwa tamu kama maji ya sukari, na saa chache baadaye huanza kuchacha lenyewe kwa hamira iliyomo hewani na kwenye kibuyu. Jioni huwa kali, na kesho yake ni siki. Halihifadhiki wala halisafiri mbali, kwa hiyo njia pekee ya kulinywa likiwa zuri ni kulifuata lilipo, kwa miguu.

Mbege ya Wachaga, inayopikwa kwa ndizi mbivu na ulezi na kutiwa uchungu wa magome ya msesewe, ilihama na wenyewe kutoka Kilimanjaro hadi vitongoji vya Dar es Salaam. Hunywewa polepole kwa kata inayozunguka, na ulezi wake huifanya iwe nusu kinywaji nusu chakula. Kwa aliyetembea saa mbili hicho ni kituo chenye busara zaidi kuliko bia mbili za baridi.

Gongo ni habari nyingine. Sheria ya mwaka 1966 inayosimamia pombe ya moshi iliifanya kuwa haramu nje ya viwanda vyenye leseni, na nguvu yake haipimwi na yeyote. Viroba vya plastiki, ambavyo vingeingia vizuri kwenye mfuko wa mtembeaji, vilipigwa marufuku tangu Machi 1, 2017. Baa nazo zinabanwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, inayoweka saa za kuuza, na hivyo kundi linaloanza alfajiri halina baa ya kuishia hata likitaka.

Jambo lenye ndugu zake

Anayesema kutembea kwa kundi, kwa sare, nyimbo, majina ya utani na kinywaji, ni uzungu, hajasoma historia ya mji wake. Ngoma ya beni, iliyoanzia katika miji ya mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilienea hadi Dar es Salaam na bara kabla na baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Vyama vyake viwili, Marini na Arinoti, viliandamana mitaani kwa gwaride na matarumbeta, na wanachama wakijipa vyeo vya wafalme, majenerali na madaktari. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, alionyesha kuwa nyuma ya mzaha huo palikuwa na kazi ya dhati: mgeni wa mjini alipata watu wa kumuuguza na kumzika.

Baada ya Uhuru likaja Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 1963, na mchakamchaka. Vizazi vya Watanzania vilikimbia alfajiri shuleni na kambini kwa kuitikia nyimbo, mguu kwa mguu. Mchakamchaka nao hauna mshindi. Aliyewahi kuukimbia anajua kuwa kazi ya wimbo ni kumfanya aliye nyuma asikate tamaa na aliye mbele asichomoke.

Kutoka huko vilitoka vikundi vya jogging, ambavyo kila Jumamosi na Jumapili alfajiri hujaza barabara za Temeke, Mbagala, Kinondoni na Mwenge kwa fulana za rangi moja. Huimba, hupiga makofi, hutembeleana mtaa kwa mtaa, na huishia kwenye supu ya mbuzi au kongoro kwa chapati. Vingi vina daftari la michango: mwenzao akifiwa, fulana zile zile huonekana msibani.

Serikali nayo iliona faida yake. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuelekeza kuwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Sababu ilikuwa magonjwa yasiyoambukiza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuwa umeonyesha kuwa takriban robo ya watu wazima wa kati ya miaka 25 na 64 wana shinikizo la juu la damu.

Tofauti ya jogging na mchezo wa unga ni mahali. Jogging hukaa kwenye lami, kwa kuwa kundi la watu 60 wanaoimba linataka nafasi na watazamaji. Lakini lami ina malori. Kundi linalokimbia gizani saa 11 alfajiri kwenye njia ya magari, likiwa na kijana mmoja mwenye kitambaa chekundu nyuma kama mlinzi wake pekee, linacheza na uhai. Mchezo wa unga hukimbilia vichochoroni, mabondeni na mashambani. Hilo ni salama zaidi, mradi vichochoro vipo.

Kutoka Mwenge kwenda Goba

Anayetaka kupanga matembezi ya aina hiyo kutoka Mwenge ana mwelekeo mmoja wa maana, nao ni magharibi. Kaskazini kuna Lugalo, ambako ni eneo la jeshi, na hakuna njia ya mkato wala picha ya ukumbusho itakayopatikana huko bila kuzua matatizo. Mashariki ni Mikocheni, kuta ndefu na mageti. Kusini ni Sinza, nyumba zimebanana na baa zimejaa, lakini shamba hakuna.

Magharibi njia hufuata Barabara ya Sam Nujoma, hupita Mlimani City na Savei, kisha huelekea Chuo Kikuu Ardhi. Hapo ardhi huanza kupanda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichohamia kwenye kilima hicho mwaka 1964, kimehifadhi miti na nyasi ambazo kwingineko zimekwisha, na kutoka kwenye miinuko yake bahari huonekana. Mbele yake ni Changanyikeni na Makongo Juu, na baada ya mabonde na vilima kadhaa ni Goba.

Mtu aliyepita njia hiyo miaka ya 1980 alipita katika mikorosho, minazi na mashamba ya mihogo. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta wakazi wa mkoa wakiwa takriban milioni 2.5. Ile ya mwaka 2022 ilikuta milioni 5.38. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ililala pembezoni, Goba, Madale, Bunju, Mbagala na Chanika, na zaidi ya nusu ya wakazi wa jiji wanaishi katika makazi yasiyopimwa kabla ya kujengwa.

Katika makazi hayo njia ya miguu haina hati. Ipo kwa sababu mzee fulani aliruhusu watu wakate shambani kwake kwenda kisimani. Mzee akifariki, watoto wakauza viwanja vinne, na wanunuzi wanne wakajenga kuta nne, njia huisha bila mtu yeyote kuvunja sheria. Mtoto wa shule huzunguka kwa barabara kuu. Bibi aliyekuwa akifika zahanati kwa dakika 10 hutumia 40. Klabu ya matembezi huwa ya mwisho kuumia, lakini kwa kuwa hurudi mtaa ule ule kila baada ya miezi kadhaa ikiwa na kumbukumbu ya ilikopita, mara nyingi huwa ya kwanza kugundua.

Uingereza, ambako matembezi ya mashambani kutoka baa ya kijiji kimoja hadi ya kingine ni kama ibada ya Jumapili, haki hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Aprili 24, 1932, mamia ya wafanyakazi wa viwandani waliingia kwa makusudi kwenye mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa na wenye ardhi kwa ajili ya uwindaji. Watano walifungwa jela. Leo England na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za umma zilizochorwa kwenye ramani rasmi, na mwenye shamba akiiziba njia hulazimishwa kuifungua. Mwaka 2000 ikapitishwa sheria ya kuruhusu watu kutembea kwa uhuru katika milima na maeneo ya wazi yaliyotengwa.

Tanzania haijakosa vifungu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya njia ya umma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa mto. Kama kifungu hicho kingetekelezwa kwa Mto Mlalakuwa peke yake, unaoshuka kutoka vilima vya Chuo Kikuu hadi baharini upande wa Kawe, Mwenge ingekuwa na ukanda wa kutembea ambao miji mingi ingeuonea wivu. Anayeuona mto huo leo huona mifuko ya plastiki, kuta na mabomba ya maji machafu.

Nafasi nyingine ni urasimishaji, ambapo wakazi wa mtaa usiopimwa hukubaliana mipaka, humegeana ardhi kwa ajili ya barabara, kisha hupata hati. Umefanyika katika kata kadhaa za Ubungo na Kinondoni. Katika vikao hivyo mazungumzo huwa juu ya barabara ya gari, mita ngapi, nani avunje choo chake. Kichochoro cha mita mbili cha kupita kwa miguu hakina mtetezi kikaoni, na ramani ikishapigwa muhuri, kukirudisha ni kesi.

Chupa, mwili na safari ya kurudi

Bia si kinywaji cha kurudisha maji mwilini, na hilo lisemwe bila kuremba. Kilevi huzuia homoni inayoziagiza figo zihifadhi maji, hivyo mtu aliyekwisha kutoa jasho katika joto la Dar es Salaam huzidi kuyapoteza. Klabu zenye uzoefu hutoa maji kwanza, kisha kitu chenye chumvi, kisha ndipo kreti hufunguliwa. Kituo cha katikati ya njia, kwenye klabu zinazokiweka, huwa kifupi na cha kikombe kidogo, kwa sababu mbele bado kuna mabonde na mawe.

Kwa kipimo, chupa ya nusu lita ya bia yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Ini la mtu mzima husafisha kati ya gramu 7 na 10 kwa saa. Maana yake ni kwamba chupa moja huhitaji saa mbili au zaidi kwisha mwilini, na hakuna supu, kahawa wala kuoga kunakoharakisha kazi hiyo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu kwa dereva. Chupa mbili za nusu lita zikinywewa haraka humfikisha mwanamume wa kilo 70 karibu kabisa na kikomo hicho. Mwanamke wa kilo 60 huwa amekivuka. Wanaotumia dawa za kisukari wana hatari ya ziada, kwa kuwa mazoezi hushusha sukari, na kilevi hulizuia ini lisiirudishe.

Kwa hiyo njia bora ni ile inayoishia karibu na kituo cha daladala, na sungura anayepanga mwisho wa matembezi Goba ndani huku magari yakiwa yameachwa Mwenge amewatega wenzake vibaya kuliko kwa unga. Jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Kundi linaloanza saa 10 na nusu jioni lina saa moja na nusu ya kutembea kwa usalama, na kilomita sita zinatosha.

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, bonde la Mlalakuwa na mengine yanayokwenda Goba hujaa maji kwa dakika chache baada ya mvua kubwa, na unga wote huondoka. Watu wa mchezo huu huhamia miinukoni, wakaweka alama kwa vitambaa vilivyofungwa kwenye miti, na mmoja wao hubaki nyuma kabisa akivikusanya na kuhesabu vichwa. Vitambaa vilivyowekwa ni 30, vikirudi 29 huenda mbuzi amekula kimoja. Watu wakirudi 29, hakuna anayegusa kreti.